Pool ya Tanga inahitaji walimu kuliko vikombe

Mwishoni mwa juma Raskazone hupokea watu wa Tanga wa kila aina. Wapo wanaofuata upepo wa bahari, wapo wanaokwenda kuogelea, na wapo ambao shughuli yao yote ni meza moja yenye kitambaa cha kijani kwenye kona ya baa. Meza za namna hiyo zimeenea Chumbageni, Ngamiani na Makorora, zimefuata barabara hadi Muheza na Korogwe, na pwani zimefika Pangani. Kwa hiyo Tanga haina upungufu wa wachezaji wa pool, wala haina upungufu wa hamu. Kinachokosekana ni kiwango kupanda. Kijana anaanza mchezo na miaka ishirini, na akitimiza thelathini utamkuta bado anakosa mipira ileile aliyokuwa akiikosa tangu mwanzo, na bado anatumbukiza mipira sita kwa mbwembwe kisha wa saba unamshinda kwa kuwa mpira mweupe umekaa pabaya. Naamini sababu si uvivu, wala si kukosa kipaji. Sababu ni kwamba tumeufanya uchezaji kuwa ndio mazoezi, tukadhani meza yenyewe ni mwalimu wa kutosha. Meza haimwambii mtu alipokosea. Anayeweza kumwambia ni mtu anayeujua mchezo, na atakayefaidika ni mwanafunzi mwenye subira ya kurudia jambo dogo mpaka likae mkononi.

Tuanze na mchezo wenyewe, kwa sababu wengi wanaoudharau hawajui ugumu wake ulipo. Mpira wa pool wa kipimo cha kimataifa una kipenyo cha milimita 57 hivi. Tuseme mpira mweupe uko mita moja nyuma ya mpira unaolengwa, na shimo liko nusu mita mbele ya huo unaolengwa, vyote vitatu vikiwa kwenye mstari ulionyooka. Hilo ndilo pigo ambalo kila mtu baa nzima ataliita rahisi. Sasa mkono ukengeuke digrii moja tu. Mweupe utaufikia mpira wa mbele ukiwa umehama milimita kama 17, utaugusa kwa ubavu, na ule wa mbele utaondoka ukiwa umepotoka takriban digrii 17. Ukifika usawa wa shimo utakuwa umelipita kwa sentimita kama 15, umbali unaozidi upana wa shimo lenyewe. Kosa la digrii moja mkononi limekuwa kosa la digrii 17 mezani. Hesabu hii si siri ya wataalamu, ni jometri ya darasani, na inaonyesha kwa nini macho makali na ujasiri havitoshi. Mchezo unadai mkono unaokwenda mbele na nyuma kwenye mstari uleule kila mara, na mkono wa namna hiyo hakuna anayezaliwa nao.

Hapo ndipo mwalimu anapohitajika. Mchezaji aliyeinama juu ya fimbo hawezi kujiona. Haoni kwamba kiwiko chake kinatoka nje anaporudisha fimbo nyuma, kwamba ameikaba fimbo kana kwamba ataporwa, kwamba vidole vya mkono wa mbele vinacheza, au kwamba kichwa kinainuka kabla mpira haujaondoka kwa pupa ya kutaka kuona matokeo. Anachoona ni kwamba mpira haukuingia, na mara nyingi hujieleza kwa kulaumu kitambaa, fimbo iliyopinda au kelele za watazamaji. Mwalimu anasimama nyuma yake au mbele yake, anaona chanzo, na anamtajia jambo moja la kurekebisha. Tena anampa elimu ambayo kubahatisha humchukua mtu miaka kuipata. Mfano ni njia ya mpira mweupe baada ya kugonga. Ukiwa unateleza tu bila kubiringika, ukigonga mpira mwingine kwa ubavu, huondoka kwa pembe ya takriban digrii 90 na njia ya ule mwingine. Ukiwa unabiringika kawaida, na ukaugonga kwa unene wa kati ya robo na robo tatu, hukengeuka karibu digrii 30 kutoka njia yake ya awali. Mwenye kuyajua haya mawili anaweza kupanga kabla ya kupiga mahali mweupe utakapolala. Asiyeyajua anatumbukiza mpira mmoja kisha anatazama kwa matumaini, na matumaini hayampangii mtu pigo la pili.

Lakini kujua si kuweza. Kati ya kuelezwa na kuweza kuna marudio mengi, na meza zetu kwa jinsi zilivyo zinayazuia marudio hayo. Nyingi ni za kulipia kila mchezo. Unatia sarafu au tokeni, mipira inaachiwa, na kila unaotumbukia unamezwa mpaka mchezo mwingine ulipiwe. Mweupe peke yake ndio hurudi. Maana yake ni kwamba aliyekosa pigo la pembeni hawezi kuupanga upya mpira uleule na kulijaribu mara thelathini. Atalikuta tena kwa bahati, labda kesho, labda wiki ijayo, katika mpangilio mwingine. Juu ya hapo kuna desturi ya mshindi kubaki mezani na aliyeshindwa kulipa na kukaa pembeni kusubiri zamu. Kwa utaratibu huo, mwenye kuhitaji mazoezi zaidi ndiye anayepata muda mdogo zaidi, naye ndiye anayelipa zaidi. Ukiongeza dau, hali inakuwa mbaya kuliko hapo. Mtu aliyeweka fedha yake mezani hathubutu kujaribu mshiko mpya au pigo asilolizoea. Atarudia lile lile alilozoea, zuri au baya, ili asipoteze. Ndiyo maana nasema miaka kumi ya kucheza baa inaweza isiwe miaka kumi ya kujifunza. Inaweza kuwa makosa ya mwaka mmoja yaliyorudiwa mara kumi mpaka yakawa tabia.

Utafiti unaunga mkono tofauti hii kati ya kucheza na kufanya mazoezi. Mwaka 1993 K. Anders Ericsson na wenzake wawili walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Waligundua kwamba waliokuwa bora walikuwa wamekusanya saa nyingi zaidi za mazoezi ya peke yao kuliko wenzao. Mazoezi hayo hayakuwa kupiga nyimbo walizozipenda, bali kazi iliyopangwa, yenye lengo la kurekebisha udhaifu, na kwa kawaida chini ya maelekezo ya mwalimu. Katika michezo ya meza na fimbo ushahidi uko wazi vilevile. Steve Davis wa Uingereza alitwaa ubingwa wa dunia wa snooker, mchezo ndugu wa pool, mara sita kati ya 1981 na 1989. Msingi wake ulijengwa na baba yake, Bill, aliyemfundisha kwa kufuata kitabu cha Joe Davis, bingwa wa kizazi kilichotangulia, na baadaye akanolewa na kocha Frank Callan. China nayo ilichukua njia ya kufundisha kwa mpango. Baada ya kijana Ding Junhui kumshinda Stephen Hendry kwenye fainali ya China Open mwaka 2005, nchi ile ilijenga vyuo vya snooker, na vijana wake wakaanza kuhamia Sheffield, Uingereza, kufanya mazoezi karibu na wakubwa wa mchezo. Mwaka 2025 Zhao Xintong akawa mchezaji wa kwanza kutoka Asia kuwa bingwa wa dunia. Ilichukua miaka 20 tangu ushindi ule wa Ding, na wakati huo wote kazi ya kufundisha haikusimama.

Atasema msomaji: haya yote ni kipaji, na asiye na kipaji hata afundishwe na nani hafiki mbali. Hoja hii ina sehemu ya ukweli, na si haki kuificha. Mwaka 2014 Brooke Macnamara, David Hambrick na Frederick Oswald walikusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili. Wakaona kwamba mazoezi yaliyopangwa yanaeleza takriban asilimia 26 ya tofauti za uwezo kati ya watu katika michezo ya akili kama sataranji, na asilimia 18 katika michezo ya mwili. Sehemu kubwa inayobaki inatokana na mambo mengine, vipawa vya kuzaliwa vikiwamo. Lakini tuangalie takwimu hizo zinajibu swali gani. Zinaeleza kwa nini mtu mmoja ni bora kuliko mwingine. Hazisemi kwamba mtu hawezi kuwa bora kuliko alivyokuwa jana. Kijana wa Chumbageni hajiulizi kama atamshinda Zhao Xintong. Anajiuliza kama mwakani atatumbukiza mipira anayoikosa leo, na hilo liko ndani ya uwezo wa karibu kila mwenye mkono na macho. Tena hata kipaji huonekana pale kilipopata pa kukulia. Wahenga wa pwani walishasema, ukiona vyaelea, vimeundwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: wapo mabingwa ambao hawakukaa darasani. Efren Reyes wa Ufilipino ndiye mfano mkubwa. Alikulia Manila katika ukumbi wa pool wa mjomba wake, akawa mtu wa kwanza asiye Mmarekani kushinda US Open ya mipira tisa mwaka 1994, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia. Hata hapa kwetu, bao la pwani halina vyuo, lakini lina mabingwa ambao umahiri wao ulimvuta mtafiti Alex de Voogt kutoka Uholanzi hadi Zanzibar, naye mwaka 1995 akatoa kitabu kizima juu ya umahiri huo. Je, mifano hii haivunji hoja yangu? Naona inaijenga. Mtoto aliyelelewa ndani ya ukumbi wa pool alikuwa na meza mchana na usiku, alikuwa na wachezaji hodari wa kuwatazama kila siku, na angeweza kulirudia pigo bila kuhesabu sarafu. Anayejifunza bao barazani hukaa miongoni mwa watu wanaomzidi, wasioona haya kumkosoa kwa sauti mbele ya wote, na huko hakuna ada ya kila mchezo. Wote hao walikuwa na walimu, isipokuwa walimu hao hawakuwa na vyeti. Mchezaji wetu wa baa hana hata kimoja kati ya hivyo: hana meza ya bure, hana bingwa wa kumkosoa, na wanaomzunguka wana makosa kama yake. Kwa mtu wa hali hiyo, mwalimu ni njia fupi ya kupata kile ambacho Reyes alikikuta nyumbani.

Pingamizi la tatu ni la maadili, na Tanga ni mji unaolichukulia kwa uzito. Pool inahusishwa na ulevi, kamari na kukwepa kazi. Machi 2016 Rais John Magufuli aliwakemea hadharani vijana wanaocheza pool asubuhi, akataka viongozi wa mikoa wahakikishe wanafanya kazi, na watu wengi walimwelewa. Sina ubishi na kiini cha karipio lile. Kijana mwenye nguvu anayekaa mezani tangu saa tatu asubuhi hadi jua linazama anajipunja, na anaipunja familia yake. Lakini tiba ya kupoteza muda si kuudharau mchezo, ni kuuwekea utaratibu. Mafunzo yana saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Yana idadi ya mapigo na daftari la kuandikia matokeo. Saa moja ya kazi hiyo, jioni baada ya shughuli au Jumamosi, inachosha akili kiasi kwamba anayeifanya vizuri hana hamu ya kuendelea hadi usiku wa manane. Mafunzo vilevile hayahitaji bia wala dau, na yakipangiwa saa zake, wanawake wanaoogopa mazingira ya baa usiku watapata nafasi ya kushika fimbo. Na tusisahau kwamba michezo ya meza na fimbo imo katika Michezo ya Dunia tangu mashindano ya Akita, Japani, mwaka 2001. Mchezo unaofika jukwaa hilo unastahili kufundishwa kwa adabu kama michezo mingine.

Pingamizi la nne ni gharama, na hili ndilo la kweli kuliko yote kwa kijana anayeishi kwa bodaboda au kwa vibarua. Atampata wapi mwalimu, na atamlipa nini? Jibu la kwanza ni kwamba hatua za mwanzo ni za bei nafuu mno. Laza chupa tupu ya soda mezani, iwe meza ya chakula au ya pool, uiinue kidogo mdomo wake uwe usawa wa fimbo, kisha sukuma fimbo ndani ya mdomo wa chupa na kuirudisha bila kugusa kingo. Zoezi hili la zamani linanyoosha mkono bila kutumia hata sarafu moja. La pili linahitaji mpira mweupe tu: uupige katikati, uende moja kwa moja hadi ukuta wa mbele wa meza na urudi kugusa ncha ya fimbo. Ukirudi kando, ama hukuugonga katikati, ama fimbo haikwenda sawa na mstari, na huwezi kumsingizia mtu. Mwenye meza muungwana anaweza kuruhusu zoezi hilo saa ambazo meza imelala. Simu ya mkononi ikiegemezwa ukutani inarekodi mwendo wa kiwiko, na mwalimu aliye Dar es Salaam au Arusha anaweza kuitazama picha hiyo na kutoa maelekezo. Na mwalimu mmoja akigawana siku zake kati ya klabu nne au tano, gharama ya kila mwanafunzi inakuwa ndogo kuliko fedha anayoipoteza kwa madau ya mwezi mmoja.

Hata hivyo fedha si kikwazo kikubwa kama ukosefu wa subira. Anayebadili mshiko au namna ya kusimama hushuka kiwango kwanza kabla ya kupanda. Mwili umezoea kosa, na kosa lililozoeleka linampa mtu raha kuliko usahihi mpya. Kwa wiki kadhaa atafungwa na watu aliokuwa akiwafunga, na watazamaji watamwambia kuwa mwalimu amemharibu. Wengi hukimbia hapo. Mwalimu mzuri humwandaa mwanafunzi kwa kipindi hicho. Humtenga na michezo ya dau, humpa lengo moja kwa mwezi badala ya kumi, na humwekea kipimo kinachoonekana, kwa mfano mapigo ishirini ya moja kwa moja kila wiki, na idadi iliyoingia iandikwe. Namba ya daftarini ikipanda kutoka tisa hadi kumi na tatu, kijana anaona faida yake hata kama bado anashindwa mezani. Subira ya namna hii haimaanishi kungoja tu. Ni kazi ya kila wiki, na mwenye kuifanya anajua anaelekea wapi.

Nani basi aanze? Kwa miaka mingi mchezo huu nchini umesukumwa na Chama cha Pool Tanzania, TAPA, na udhamini wa bia ya Safari Lager ulipeleka mashindano mikoani hadi fainali za taifa. Kazi hiyo inastahili shukrani, kwani ndiyo iliyowafanya wachezaji wa mikoani wajulikane. Lakini mashindano hupima uwezo uliopo, hayautengenezi. Kikombe humpa bingwa heshima yake, ila hakimsaidii aliyetolewa raundi ya kwanza kujua kwa nini ametolewa. Hakuna mpenzi wa Coastal Union, mabingwa wa soka wa Tanzania Bara wa mwaka 1988, atakayekubali timu iingie uwanja wa Mkwakwani bila kocha eti kwa sababu wachezaji wanapiga mpira kila siku mtaani. Kwa nini tukubali hivyo kwenye pool? Uganda wameshapiga hatua ya kuwa na ligi ya taifa inayochezwa kwa msimu mzima, jambo linalozilazimisha klabu kujiandaa. Sisi tuanze na makocha. TAPA izungumze na Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya na Baraza la Michezo la Taifa juu ya kozi fupi ya ukocha wa pool, na kila mkoa utoe wawili watatu. Mdhamini yeyote atakayejitokeza aombwe atenge sehemu ya fedha zake kwa makocha kabla ya kuchapisha jezi.

Wenye baa na klabu wa Raskazone nao wana neno lao. Meza inayolala bila kazi alasiri ya siku za wiki haiwaingizii chochote. Wakiikodisha kwa saa badala ya kwa mchezo, mipira ikaachwa wazi ili ipangwe upya, watapata mapato wasiyokuwa nayo, na mji utapata mahali pa kwanza pa kufundishia. Wachezaji wakongwe, wale ambao mtaa mzima unawajua kwa mkono wao, wakubali kukaa upande wa pili wa meza na kuwaelekeza wadogo zao bila kuwatoza dau. Na wewe kijana unayesoma haya, ukienda mezani wiki hii, mtafute anayekuzidi, umwombe akutazame mapigo kumi na akutajie kosa moja. Lifanyie kazi kosa hilo mwezi mzima kabla ya kuomba la pili. Tanga ina meza za kutosha na ina wachezaji wa kutosha. Sasa ianze kufundisha.